Figo za Mume na Figo za Mke
(Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano wa Mwaka)



Huenda wengine wakaona haya kusikia mkojo ukitajwa mbele ya wazee. Lakini haya haiponyi mtu, na mfuko wa chama hufunguliwa kwa ajili ya wagonjwa. Leo twanena juu ya maradhi mawili: vijiwe vya figo, viwashikavyo zaidi wanaume, na udhaifu wa mifupa, uwapatao zaidi mama zetu wazee. Yote mawili yahusiana na jinsi figo zitunzavyo kalsiamu, madini ya mifupa.

Figo za mtu mzima huchuja kadiri ya lita 180 kila siku, kisha hurudisha mwilini karibu yote, pamoja na madini. Mume na mke wana figo za umbo moja, lakini hazitendi kazi sawasawa. Mkojo wa mwanamke ambaye hajakoma hedhi huwa na sitreti nyingi zaidi, nayo huishika kalsiamu isigande kuwa jiwe. Mwanamume hana kinga hiyo kwa kadiri ile ile. Akipalilia mahindi kutwa bila maji, mkojo huwa mzito na jiwe hupata nafasi.

Mama naye ana zamu yake. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hupungua, figo huachia kalsiamu zaidi ipotee, na mifupa hupungua nguvu kimyakimya. Siku moja huteleza uani, nyonga ikavunjika, nasi twasema ni uzee tu.

Basi, wanaume, kunyweni maji ya kutosha, wala msiache maziwa kwa kuogopa jiwe: kalsiamu ya chakula huizuia oksaleti tumboni isifike kwenye figo. Akina mama, msigawe maziwa na omena wote mkabaki na mchuzi. Mifupa yenu yadai haki yake. Sote tupunguze chumvi, kwa maana huzidisha kalsiamu itokayo na mkojo. Aonaye damu katika mkojo, au maumivu makali ubavuni, aende hospitali upesi.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mfuko wetu ni mdogo. Heri usomeshe watoto kuliko kulipia maradhi tuliyoweza kuyazuia.