Shamba la Mwanamke na Usalama wa Nyumbani: Funzo la Jaji Mwalusanya

Ukatili wa majumbani ukitajwa, mjadala huanzia kwenye kipigo: nani kampiga nani, na dawati la polisi la jinsia na watoto liko wapi. Mimi naanzia shambani. Hukumu moja iliyogusa kwa kina usalama wa mwanamke wa Kanda ya Ziwa haikuhusu kipigo hata kidogo. Ilihusu ardhi, na ilitolewa na Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, tarehe 22 Februari 1990, katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory.

Pastory, mwanamke wa Muleba, alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, na mwaka 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Ndugu yake, Ephrahim, alikimbilia Mahakama ya Mwanzo akidai kuwa kwa mila za Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza shamba la ukoo. Alishinda huko, akashindwa Mahakama ya Wilaya, akakata rufaa. Jaji alirejea Haki za Binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, pamoja na mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, akaamua kuwa mwanamke na mwanamume wana haki sawa ya kurithi na kuuza.

Kipigo kinaingia wapi? Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa viboko. Lakini mfikirie mama anayeanika dagaa hapa Kamanga, kashika PF3, fomu ya polisi ya matibabu, mkononi, anasubiri kivuko cha kwenda Mwanza mjini kutibiwa. Nyumba ni ya mume, mtumbwi na nyavu ni vya mume, shamba ni la ukoo wa mume. Kwao, kaka zake wameshagawana ardhi ya baba. Matibabu atapata, pa kulala kesho hana. Atarudi kulekule, na kesi itaishia kwa wazee. Angekuwa na shamba lake kama Pastory, angekuwa na pa kwenda.

Wapo wanaosema jaji alivunja mila kwa fikra za kigeni. Hapana. Ukoo ulibaki na nafasi ya kulikomboa shamba kwa kurudisha bei. Alichokataa ni mwanamume kuwekewa kanuni moja na dada yake nyingine. Na kanuni yenyewe ilikuwa katika tangazo la serikali la mwaka 1963, yaani mila iliyoandikwa na dola, na dola inaweza kuiandika upya.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: hukumu moja haifiki vijijini. Ni kweli. Mwaka 2006 wajane wawili wa Shinyanga walipozipinga kanuni za urithi za kimila, Mahakama Kuu ilikiri kuwa ni za kibaguzi lakini ikakataa kuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba ule ilisema Tanzania imevunja haki zao. Udhaifu huo si wa Mwalusanya, bali wetu tuliomwachia kazi peke yake.

Ndiyo maana ombi langu linawahusu watendaji wa vijiji na kata mliomo humu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatambua haki ya mwanamke ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Mnapojaza hati za hakimiliki ya kimila, muulizeni mke jina lake, na liandikwe palepale kando ya jina la mume.