Mgeni wa gofu na bahari Diani apangiwe kwa mwezi



Mgeni anayekuja Diani kwa gofu na bahari huuliza kwanza bei ya chumba. Ni haki yake, lakini wenyeji humwambia atazame mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa jioni. Basi acheze mashimo yake 18 mapema, jua halijawa kali, na bahari aiingie alasiri. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi.

Aliyepangiwa kinyume hukuta mwani na mawe. Mwaka ujao huenda kwingine, na hasara ni ya kedi, ya nahodha wa mashua na ya mama muuza madafu.

Aprili na Mei ni masika. Anayeshuka treni Miritini apitie Dongo Kundu, asisubiri feri Likoni.

Wenye nyumba za wageni, mpeni mgeni jedwali la maji kabla hajalipa.