Mvua Kubwa Ndiyo Akiba ya Visima

Mada kwa wakazi wa kata za Wilaya ya Karatu kwa ajili ya Wiki ya Maji, inayoadhimishwa nchini kila mwaka kuanzia tarehe 16 hadi 22 Machi.

Mvua kubwa inaponyesha Karatu, mkulima wa mteremkoni huhesabu udongo uliokwenda na maji, na msafiri husimama kwenye ukingo wa korongo akisubiri mkondo upungue. Miezi michache baadaye, kiangazi kinapokaza, kina mama hukuta foleni ndefu ya ndoo kisimani. Mafuriko na ukame huonekana kuwa misiba miwili iliyo mbalimbali. Utafiti unaonyesha kwamba vina asili ya karibu sana.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2022 kuhusu maji ilieleza kuwa, ukiondoa barafu, takriban asilimia 99 ya maji baridi ya dunia yamo chini ya ardhi, na kwamba karibu nusu ya maji yanayotumika majumbani duniani hutoka huko. Swali ni moja: akiba hiyo hujazwa lini?

Jibu mojawapo lilipatikana hapa nchini. Huko Makutapora, kwenye visima vinavyoihudumia Dodoma, kina cha maji ya ardhini kimepimwa tangu miaka ya 1950. Mwaka 2013, Profesa Richard Taylor wa chuo kikuu cha University College London, pamoja na wenzake wakiwemo Watanzania, walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu hizo. Walibaini kuwa, kati ya mwaka 1955 na 2010, misimu 7 tu ya mvua kubwa ilichangia asilimia 60 ya maji yote yaliyoingia ardhini. Katika miaka mingi ya kawaida kina kilizidi kushuka. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilikijaza kwa wingi.

Miamba ya Karatu ni ya volkano, tofauti na granaiti ya Makutapora, hivyo takwimu hizo hazihamishwi zilivyo. Fundisho lake, hata hivyo, linaihusu wilaya hii: mvua inayotisha ndiyo inayoweza kujaza visima, iwapo itapewa nafasi ya kuzama.

Nafasi hiyo huanzia juu. Msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro, pamoja na Mlima Oldeani wenye urefu wa zaidi ya mita 3,000, hupokea mvua na ukungu. Maji hupenya polepole katika miamba na kuibukia mbali. Chemchemi za Qangdend hunywesha mashamba ya vitunguu ya Mang'ola, katika bonde kavu la Ziwa Eyasi. Upande wa pili, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, chemchemi hustawisha msitu mnene karibu na lango la Hifadhi ya Ziwa Manyara. Anayekata mti juu, basi, hupunguza maji ya mtu asiyemjua chini.

Maji yasipozama, hukimbia. Mwezi Desemba 2023, katika mvua za El Niño, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka, na tope likaushukia mji wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Karatu nayo ni nchi ya miteremko, haina budi kuchukua tahadhari.

Ndugu wananchi, hatua zinazohitajika zinajulikana. Ya kwanza ni kulima kwa kukinga mteremko: makingamaji, matuta ya kontua na mabingobingo kwenye kingo zake. Maarifa haya si mageni, kwani Wairaqw wa Mbulu wamesifika tangu zamani kwa kuhifadhi udongo wa milimani.

Ya pili ni kuacha mita 60 bila kulima wala kujenga kandokando ya mito na vyanzo vya maji, kama Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inavyoelekeza. Ni kweli kwamba mita hizo ni hasara kwa mwenye shamba dogo. Lakini chanzo kikikauka, hasara huwa ya kijiji kizima, naye akiwemo.

Ya tatu inahusu visima virefu. Anayetaka kuchimba aanzie Bodi ya Maji ya Bonde la Kati apate kibali, na maji yapimwe kabla ya kunywewa. Miamba ya volkano mara nyingi hutoa floraidi, na Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi kwa muda mrefu hubadili rangi ya meno ya watoto na kudhuru mifupa. Kuchemsha hakuiondoi.

Ya nne ni ya kuokoa maisha: korongo linapojaa, mtu asivuke, kwa miguu wala kwa chombo. Watoto wa shule wasubirishwe hata kama watachelewa.

Wahenga walinena kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Ardhi iliyotunzwa huyazoa, ikayaweka hadi kiangazi. Msimu wa mvua ndio wakati wa kuyawekea akiba maji ya kiangazi, na kazi hiyo huanzia katika shamba la kila kaya.