Ufunguo wa Kinanda

(Hotuba iliyotolewa Babati na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya muziki shuleni. Najua baadhi yenu mmeshangaa, maana mnanikumbuka kama kiranja, na kwaya ya shule ilinikataa mara mbili. Lakini aliyefunga mlango ndiye ajuaye ulivyofungwa. Nivumilieni.

Nianze na kijana mmoja wa Unguja. Alizaliwa mjini Zanzibar tarehe 5 Septemba, 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi wenye asili ya India, na baba yake alikuwa mtunza fedha wa Mahakama Kuu wakati wa utawala wa Waingereza. Akiwa na miaka 8 hivi alipelekwa kwa meli kusoma katika shule ya bweni ya St Peter's, mjini Panchgani, India. Ninyi mliotoka Mbulu, Kondoa au Hanang mkalia usiku wa kwanza bwenini, fikirini bahari nzima kati ya mtoto yule na mama yake.

Huko mwalimu mkuu alitambua kwamba mtoto ana kipaji. Aliwaandikia wazazi barua, akashauri waongeze kidogo juu ya ada ili afundishwe muziki sawasawa. Wazazi wakakubali. Farrokh akaanza kujifunza piano, akaingia pia katika kwaya na michezo ya kuigiza.

Piano haina huruma kwa mvivu. Ina vitufe 88, na kila kitufe huinua nyundo inayogonga nyuzi. Anayeanza hupanda na kushuka ngazi ya sauti kwa mkono mmoja, polepole, kisha kwa mwingine, kisha kwa yote miwili, mpaka mkono wa kushoto ujue kazi yake bila kuuliza wa kulia. Ni kazi ya kila siku, kama kuchota maji. Kijana wetu alifanya mitihani ya kupiga na ya nadharia, akafika daraja la 4. Madaraja yenyewe ni 8. Yaani shule ilimfikisha nusu ya njia tu.

Naomba vijana mlishike hilo. Shule haikumfanya bingwa. Ilimpa msingi, saa ya mazoezi na mtu wa kumsahihisha. Mwaka 1958 yeye na wenzake wanne waliunda bendi ya shule, The Hectics, na yeye ndiye aliyekuwa mpiga piano.

Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, familia yake ilihamia Uingereza. Huko chuoni alisomea sanaa ya uchoraji wa matangazo na vitabu. Muziki aliuendeleza kwa msingi ule ule wa Panchgani. Mwaka 1970 aliunda na wenzake bendi ya Queen, na dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury. Wimbo wake Bohemian Rhapsody wa mwaka 1975 hudumu karibu dakika 6, na katikati umejengwa kama opera. Julai 1985, mbele ya umati wa uwanja wa Wembley, London, alianza kwa kuketi kwenye piano. Mwaka 1988 alitoa albamu ya Barcelona pamoja na Montserrat Caballé, mwimbaji mkubwa wa opera wa Hispania. Alifariki tarehe 24 Novemba, 1991, kwa maradhi yaliyotokana na UKIMWI, akiwa na miaka 45. Siwaambii mwige maisha yake yote. Nazungumzia ile barua.

Sasa nije kwetu. Zamani zetu palikuwa na kinanda cha kukanyaga katika chumba cha ibada. Mwenzetu mmoja alijifunza kukipiga kwa kusikiliza tu, bila mwalimu. Usiku, saa za kujisomea, alitoroka kwenda kufanya mazoezi. Mimi kiranja nilimripoti. Aliadhibiwa, na ufunguo nikakabidhiwa mimi. Siku moja aliniuliza, “Kiranja, hata Jumapili?” Nikamjibu, “Hata Jumapili.” Hakuuliza tena.

Yupo hapa leo, na ameniruhusu kusema. Analima mbaazi na mahindi, na watoto wake wote wamesoma. Jana jioni nilimwuliza kama bado anapiga. Alitandaza vidole juu ya meza, akasema, “Vinakumbuka, ila havina pa kwenda.” Sidai kwamba angekuwa Mercury. Nadai kwamba hakuna aliyewaandikia wazazi wake barua, na mimi nilikuwa na hakika kwamba natenda haki.

Ndugu zangu, natoa mapendekezo matatu. Kwanza, tuchangie kinanda cha umeme chenye vitufe 88, na vipaza sauti vya kuvaa masikioni ili anayejisomea asisumbuliwe. Pili, mazoezi yawe na saa yake kwenye ratiba, yasiwe kosa. Makanisa ya hapa Babati yana wapiga vinanda wa kwaya. Tuwaombe waje kufundisha. Tatu, mwalimu akiona kipaji amwandikie mzazi, na mzazi asipoweza, lile “kidogo juu ya ada” tulilipe sisi.

Na anayefika nusu ya njia asidhani njia imeishia hapo. Bagamoyo kumekuwa na chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, na Zanzibar kilianzishwa chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi mwaka 2002. Hata hivyo, vijana, kinanda kisiwe kisingizio cha kufeli hisabati!

Ndugu Mwenyekiti, mkutano ukiafiki, nina ombi moja la mwisho. Ufunguo wa chumba hicho asipewe kiranja. Apewe mwanafunzi anayejifunza.