Chakula cha Sungura wa Nyumbani: Maneno kwa Watu wa Mugini

Baba zangu na mama zangu, na ninyi watoto wenye sungura, sikieni.

Kila mwaka mvua za kwanza zikinyesha katika Katanga, mwezi wa 10 ao wa 11, watu wanakuja kuniambia: «Jirani ametutilia sumu. Jana sungura walikula vizuri, leo wamekufa, tumbo limevimba.» Hapana jirani aliyetia sumu. Walikula nyasi changa zenye maji mengi, na matumbo yao yalikuwa hayajazizoea.

Ginsi yake ni hii. Ndani ya tumbo la sungura mna mfuko mkubwa, na mfukoni mna vijidudu vidogo sana vinavyochachusha majani. Vijidudu hivyo vinataka nyasi ngumu. Ukibadili chakula kwa siku moja, vile vyema vinakufa, vibaya vinazidi, hewa inajaa, kuhara kunaanza. Na sungura hawezi kutapika. Huyu si Kalulu wa hadithi za wazee wetu, mwenye hila nyingi. Ukimpa kitu cha kumwua, atakila.

Basi chakula chake kikubwa ni nyasi kavu, mchana na usiku, zisiishe. Kwa siku moja mpe fungu linalolingana na mwili wake. Tena meno yake yanakua maisha yote, nazo nyasi ndizo zinazoyasaga. Lakini sisemi yale majani ya rangi ya udongo yanayosimama porini mwezi wa 8 na kungoja moto. Hayo ni fimbo tu. Kateni mwezi wa 4, mvua zikiisha, nyasi zingali kijani. Zitandazeni juani siku mbili ao tatu, mzigeuze, kisha muziweke chini ya paa, juu ya vijiti, zisiguse udongo. Zikiota ukungu, zitupeni, hata kama mlitoka jasho.

Majani mabichi, konzi moja asubuhi na moja jioni. Matembele ni mazuri. Sombe mbichi hapana: ina sumu ile ile inayowafanya mama zetu kuitwanga na kuipika sana. Majani ya avoka, ya nyanya na ya viazi vya kizungu, hapana. Majani yaliyolundikwa mpaka yakapata moto, hapana.

Na ninyi mnaokaa karibu na mashimo ya Kolwezi ao Likasi, msikate majani kando ya barabara ya malori ya madini, wala kando ya maji yanayotoka mtamboni. Vumbi lile lina shaba na kobalti, nalo linashika majani. Kuyaosha kunalipunguza, hakulimalizi. Mwende mbali, hata mtoto akinung'unika.

Sasa vile vidonge vinavyouzwa mjini. Kwa sungura mzima wa kilo 2, gramu 50 kwa siku zinatosha. Mtu mmoja alijaza sahani kila siku, maana alikuwa na mshahara. Sungura wake akanona, akaacha nyasi, meno yakarefuka mpaka hakuweza kutafuna. Mama anayenyonyesha apewe zaidi. Asiye na faranga aache vidonge: sungura mzima mwenye nyasi nzuri, majani na maji safi anaishi.

Mkimwona anakula mavi yake laini alfajiri, msimfukuze. Chakula kinapita tumboni mara ya pili, ndivyo alivyoumbwa.

Mvua zikianza, mpe kwanza nyasi kavu ashibe, kisha majani mapya machache, yanayoshikwa na vidole viwili. Ongezeni kidogo kidogo kwa siku 10. Yaliyolowa yaanikwe kivulini kwanza. Sungura asiyekula tangu asubuhi mpaka jioni ni mgonjwa sana. Msingoje kesho, mwiteni mganga wa nyama usiku ule ule.

Haya, twende nyuma ya nyumba. Kizimba kiko wazi, na kila mtu ashike nyasi mkononi, azinuse.