Kabla Hujaliombea kwa Sauti
(Maneno aliyoyasema mmoja wa akina dada, siku ya pili ya sherehe)

 

Nimeombwa nieleze hii kazi ninayosomea. Wengine mnaniita daktari. Bado, jamani! Niko kwenye mafunzo ya tiba ya mazungumzo, na kila mteja namwambia mapema kwamba mimi ni mwanafunzi, nina msimamizi.

Wengi mnanijua kutoka kikundi cha maombezi. Miaka tisa nilishika maikrofoni. Dada mmoja alinieleza faraghani kwamba mumewe anampiga. Ijumaa, kwenye mkesha, nikaliombea kwa sauti. Jina sikutaja, ila nilisema, "mama mwenye duka la nguo pale stendi." Nani asiyemjua? Habari zilimfikia mume kabla hakujapambazuka. Dada alipigwa, akavuka mpaka na watoto. Nilidhani nimemwombea, kumbe nimemwanika.

Ndiyo sababu nikaenda kusoma.

Darasani nikakutana na Carl Rogers, Mmarekani aliyezaliwa 1902. Alisomea dini New York, kisha akahamia saikolojia. Niliposikia hivyo nilicheka, nikajua siko peke yangu. Mwaka 1957 aliandika masharti ya mtu kubadilika katika tiba. Matatu nayashika sana: kuwa mkweli kwa mteja, kumpokea bila kumhukumu, na kuyaona mambo kama anavyoyaona yeye.

Hili la mwisho linatushinda. Mtu akisema "silali usiku", sisi tayari tuna mstari mdomoni. Siku hizi nauliza, "Ukikesha unawaza nini?" Halafu nanyamaza. Dakika moja ya kimya ni ndefu kuliko mahubiri! Akitaka tuombe, atasema mwenyewe.

Habari ya siri tunaizungumza siku ya kwanza. Msimamizi namweleza bila kutaja jina. Uhai wa mtu ukiwa hatarini, hapo sitanyamaza, na mteja anajua hilo tangu mwanzo.

Akina mama wa maombi, mtu akiwaletea jambo, muulizeni kwanza, "Hili nilifikishe wapi?" Akisema lisifike popote, liombeeni chumbani.

Na yule dada nilimtafuta. Ameniruhusu kusimulia haya, ila nibadilishe duka, kwa hiyo halikuwa la nguo. Kuhusu msamaha, alisema bado anaufikiria.