Usafi wa Vituo vya Kulelea Watoto Mchana: Ni Jukumu la Nani?

(Mazungumzo ya Kamati ya Haki na Amani kwa viongozi wa walei, walezi na wazazi, Tukuyu, Wilaya ya Rungwe)



Lilipotangazwa kanisani kwamba Haki na Amani itazungumzia vyoo, ndoo na vikombe vya chekechea, baadhi yenu mlicheka. Hatuwalaumu. Mmezoea kutusikia tukisema juu ya mashamba ya wajane, juu ya mahabusu waliosahauliwa, juu ya kura. Hata ndani ya kamati yetu wapo waliosema kwamba jambo hili ni la Bwana Afya, si la Kanisa. Tulibadili mawazo baada ya kutembelea vituo kadhaa, vya makanisa na vya watu binafsi, mjini hapa na katika vijiji vya chai. Majina ya vituo hivyo hatutayataja, kwa sababu hatukwenda kama askari.

Katika kituo kimoja tulikuta karatasi safi ubaoni, imeandikwa kwa mkono mzuri: mtoto mgonjwa asiletwe kituoni. Ni kanuni sahihi, na daktari yeyote angeiunga mkono. Lakini wiki ile mama mmoja alimleta mwanawe aliyekuwa akiharisha tangu usiku, akamkabidhi mlangoni bila kusema neno, akaenda shambani. Kabla ya Jumapili watoto zaidi ya kumi walikuwa wanaharisha, na mmoja alilazwa. Mlezi alipomwuliza yule mama kwa nini alificha, alijibu kwamba yeye hulipwa kwa kilo za majani mabichi anayochuma, na siku asiyochuma hana kilo, na asiye na kilo hana unga wa jioni.

Ndugu wapendwa, hapo ndipo tulipoelewa kwamba suala hili ni letu. Kanuni ya afya iliyoandikwa ukutani ilikuwa inamtaka mtu maskini kuliko wote aigharamie peke yake. Mama mwenye mshahara wa mwezi huomba ruhusa akabaki nyumbani na mtoto. Mchumaji wa chai, mbeba ndizi, au binti anayefungasha maparachichi kwa ujira wa siku hana wa kumwomba. Basi huficha. Nasi tukimwita mzazi mbaya, tunaongeza dhuluma juu ya dhuluma.

Tutarudi kwa mama huyo. Kwanza yafaa tukumbushane kwamba usafi si jambo geni katika nchi hii ya Rungwe. Mskochi Joseph Thomson, aliyepita kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879, aliandika kwa mshangao juu ya unadhifu wa vijiji vya Wanyakyusa na migomba yao. Wazee waliopo hapa wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walipokusanyika kusikiliza redio kwa vikundi na kisha kwenda kuchimba vyoo. Na mwaka 1981 Bunge letu lilitunga sheria maalumu ya vituo vya kulelea watoto mchana. Sheria hiyo ilifutwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo inaendelea kudai kwamba kituo kisajiliwe na kikaguliwe. Tangu Desemba 2021 tunayo pia Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Kwa hiyo, ndugu zangu, karatasi hazikosekani. Kinachokosekana ni ndoo, sabuni, na mtu wa kumfikiria mlezi.

Tuanze na mikono. Mwaka ule ule wa 1981 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi katika vituo vinne vya kulelea watoto huko Georgia. Katika vituo viwili walezi walifundishwa kunawa na kuwanawisha watoto kwa utaratibu maalumu. Viwili vingine viliendelea kama kawaida. Katika vile vya kwanza kuhara kulipungua hadi karibu nusu ya kule kwingine. Hakuna mashine iliyonunuliwa, wala jengo lililojengwa. Twawaomba walezi mzingatie kwamba waliofundishwa kwanza ni watu wazima. Mara nyingi sisi huwapanga watoto mstari wanawe, huku mlezi aliyetoka kumsafisha mtoto mmoja haja kubwa anachota uji kwa mkono ule ule.

Mikono inaweza kunawishwa bila bomba. Kibuyu chirizi, yaani dumu dogo lenye tundu, lililofungwa kwenye mti na kuinamishwa kwa kamba ya kukanyaga, chatosha, mradi sabuni ining'inizwe pembeni. Sabuni ikikosekana, jivu la mekoni lafaa. Lakini beseni moja la maji ambalo watoto thelathini huingiza mikono mmoja baada ya mwingine si kunawa. Ni kugawana uchafu. Vivyo hivyo kikombe kimoja kilichofungwa kamba kwenye ndoo. Tulikiona katika vituo viwili, na katika kimojawapo tulielezwa kwamba kamba iliwekwa ili kikombe kisiibiwe. Kila mtoto na aje na kikombe chake, kiandikwe jina.

Maji ya kunywa yachemshwe. Tunajua mtajibu kwamba Rungwe ina chemchemi nyingi na maji yake ni baridi na matamu. Utamu hauui vijidudu. Mvua zetu ni kubwa mno, na zinaponyesha huteremsha mitoni na visimani kila kilichoachwa juu ya ardhi, pamoja na samadi ya ng'ombe wetu. Kuna njia ya kuanika maji juani katika chupa angavu, nayo husaidia katika nchi za jua kali. Hapa kwetu, ambako wingu hukaa mlimani siku nzima, tusiitegemee. Tuchemshe, tufunike, tuchote kwa kata yenye mpini mrefu. Kuni za kazi hiyo ni gharama, nayo isiachwe juu ya mlezi.

Baridi yetu hiyo inaleta hatari nyingine ambayo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya pwani havisemi sana. Tukuyu iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi watoto hufika wamelowa, sakafu ni baridi, na mlezi kwa huruma yake hufunga madirisha na kuingiza jiko la mkaa ndani. Tulilikuta jiko hilo katikati ya watoto waliolala. Twasema kwa mkazo: mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, na watu wamekwisha kufa usingizini kwa sababu yake. Tena chumba kisichopitisha hewa humfanya mmoja mwenye kikohozi awape wote. Afadhali dirisha liwe wazi kidogo juu, na mtoto avikwe sweta kavu. Hapa jumuiya zetu zinaweza kusaidia mara moja: nguo za watoto waliokwisha kukua zimejaa majumbani mwetu. Kituo kikiwa na sanduku la nguo kavu na soksi, jiko halitahitajika ndani. Mikeka na magodoro nayo yainuliwe kutoka sakafuni, na kila jua litokapo, hata kwa saa moja, yatolewe nje.

Mlezi na ajifunze pia kuhesabu pumzi. Mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitano aliyetulia, akivuta pumzi mara 40 au zaidi kwa dakika huku ana kikohozi, au mbavu zake zikibonyea ndani avutapo pumzi, huenda ana nimonia, na lazima apelekwe zahanati au hospitali siku hiyo hiyo. Kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, hesabu ni 50. Saa ya mkononi au ya simu yatosha. Na mtoto anayeharisha apewe kunywa mara kwa mara: pakiti ya chumvichumvi kutoka zahanati, au ikikosekana, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Chumvi isizidi.

Juu ya chakula tutasema machache, maana akina mama mwatushinda. Maziwa ni baraka ya wilaya hii, lakini yachemshwe, hata yale ya kugandisha, kwa kuwa ng'ombe huweza kumwambukiza mtu kifua kikuu na homa ya kutupa mimba. Unga wa uji wa lishe usitengenezwe kwa mahindi au karanga zilizoota ukungu. Mwaka 2016 wenzetu wa Dodoma na Manyara walipoteza maisha kwa sumukuvu, na hapa kwetu kukausha nafaka ni kazi kubwa kuliko kule. Mahindi mabovu ndiyo rahisi kutolewa msaada kituoni. Tusimpelekee mtoto tusichokula sisi.

Choo nacho: tundu la mtu mzima humtisha mtoto, naye hujisaidia nyuma ya mgomba. Tundu liwe dogo, lenye mfuniko, na choo kiwe chini ya kituo kwenye mteremko, mbali na chemchemi. Wapo wazee kati yetu wanaodhani kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara. Kina madhara sawa na cha mkubwa, na pengine zaidi.

Sasa turudi kwa yule mama na kanuni ya ukutani. Hatusemi kanuni iondolewe. Mtoto anayeharisha, mwenye surua, au mwenye homa kali hapaswi kukaa kati ya wenzake. Tunasema gharama yake igawanywe. Tumependekeza mambo mawili, nanyi mtayapima. Kwanza, kila kituo kiwe na pembe au chumba kidogo chenye kitanda, poti yake na kikombe chake, ambapo mtoto aliyeugua atatengwa chini ya uangalizi hadi mzazi apatikane. Mama akijua kwamba mwanawe hatarudishwa mlangoni kwa kelele, atasema ukweli, na ukweli huo utawaokoa wengine. Pili, jumuiya iliyo karibu na kituo iteue wanawake, na kwa nini isiwe wanaume pia, watakaokaa zamu na mtoto mgonjwa wa mchumaji siku moja au mbili. Zamani hakuna mtoto aliyekosa bibi wa kumshika. Siku hizi bibi naye yuko shambani, au yuko Kyela, au alikwisha kutangulia mbele ya haki.

Hata hivyo jumuiya isibebe mzigo wa mwajiri. Wanaoajiri wanawake kwa ujira wa kilo na kwa kutwa, wakiwamo Wakristo wenzetu wenye mashamba ya maparachichi na chai, wanafaidika kila asubuhi na vituo hivi bila kuchangia hata kipande cha sabuni. Tumewaandikia baadhi yao kwa heshima. Tunajua wamo humu ukumbini, na tutafurahi kuzungumza nao baada ya kikao.

Yuko mwingine anayesahauliwa, naye ni mlezi. Tulikutana na binti anayelea watoto zaidi ya thelathini peke yake, anapika, anachota maji, anafagia, naye hulipwa pale ada inapopatikana. Mwezi mwingine hupewa mkungu wa ndizi. Kisha sisi tunamwuliza kwa nini hakunawa mikono. Kituo chetu wenyewe cha kanisa hakiwezi kuhubiri ujira wa haki mimbarini huku kikimkopa mlezi wake. Tunasema haya tukijua kwamba yanatugusa sisi kwanza, maana miongoni mwa vituo tulivyovikuta na deni la mishahara vipo vya makanisa.

Kuhusu ukaguzi, wenye vituo wengi wanamwogopa Afisa Ustawi wa Jamii, hivyo hawajisajili. Wilaya yetu ina halmashauri mbili, ya Rungwe na ya Busokelo, na kila moja inao maofisa wa ustawi na wa afya. Tumekubaliana katika kamati kwamba mwenye kituo asiyesajiliwa akitaka kwenda ofisini, mmoja wetu atafuatana naye. Kufunga kituo kibovu bila kukisaidia hakumpeleki mtoto mahali salama. Humrudisha chini ya mti wa shamba la chai, akilelewa na dada yake wa miaka saba ambaye angepaswa kuwa darasani. Lakini mwenye kituo anayekataa kurekebisha hata baada ya kusaidiwa, hatutamficha.

Mwisho wa mazungumzo haya kila kiongozi wa jumuiya atapewa karatasi moja. Twaomba mwandike kituo kilicho karibu nanyi, idadi ya watoto na walezi, maji yanatoka wapi, choo kikoje, na mlezi alilipwa lini mara ya mwisho. Msiandike majina ya watoto. Mama wa kituo tulichokisimulia amekubali kuwa mmoja wa wakaguzi wetu, kwa sharti kwamba ziara zifanyike Jumamosi alasiri, baada ya majani kupimwa. Tumekubali sharti lake, na ziara zote zitakuwa saa hiyo.